Kipande Namba 4417

Kwa mara ya tano Mfumaji alilirudisha jalada la Mama Kandida Mbano, na safari hii alikuja na sababu mpya. Mara nne za mwanzo ilikuwa picha ya cheti imefifia, muhuri umekatika ukingoni, jina la kijiji lina herufi mbili zisizokubaliana, halafu ile karatasi ya ubatizo ikadaiwa imepigwa picha kichwa chini. Gaudensia, bintiye Mama Kandida, aliyavumilia yote hayo. Sasa alisimama mbele ya dirisha la sita la Idara ya Marejeo, Handeni, akasoma maandishi ya bluu kwenye kioo mara mbili, kisha akamgeukia karani.

"Bwana Kihiyo, hapa pameandikwa babu yetu Longinus alifariki mwaka 1951."

"Ndivyo."

"Na babu huyohuyo akamzaa babu Fidelis, babu yake mama, mwaka 1957."

"Ndivyo pia." Kihiyo alikuwa anamenya chungwa, kisu chake kikizunguka taratibu ili ganda lisikatike. "Kwa hiyo Mfumaji ana haki ya kushangaa, dada."

"Yeye ashangae! Mimi nifanye nini? Niende nikamwambie mama ametoka kwenye ukoo wa mizimu?"

Watu wanne waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walicheka. Gaudensia hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na saba, fundi wa pampu za maji, na kwa miezi kumi na moja alikuwa ameishi kwenye hema namba 209 la Kambi ya Mpito pamoja na mama yake mwenye pumu. Bahari ilipoichukua Tongoni, mitaa yote mitatu, waliambiwa watakaa Handeni wiki sita tu. Sheria ya Marejeo ilikuwa wazi: kila familia ya pwani itapelekwa kule alikotoka babu yao wa kizazi cha nne, nayo itapewa shamba hukohuko. Mwenye mstari wa nasaba uliokamilika alipanda basi. Mwenye mstari wenye pengo aligongewa muhuri wa Bila Chanzo akapelekwa nyika ya Kiteto, kwenye vumbi.

Wa kuukamilisha mstari, au kuukata, alikuwa Mfumaji. Alikuwa mashine iliyolishwa kila karatasi iliyopata kuandikwa nchini ambayo haikuliwa na mchwa: madaftari ya ubatizo, ya kodi ya kichwa, ya hospitali, ya mahakama, ya mashamba ya wazungu. Mtu akitaja jina la babu yake, Mfumaji aliziokota karatasi zote zenye jina lile, akazifuma zikawa maisha ya mtu mmoja, na chini akaandika asilimia ya uhakika. Tisini ndiyo ilikuwa ya kufaulu. Damu haikuruhusiwa, wala alama yoyote ya mwili. Tangu vurugu za miaka ya 2060, watu walipopimana damu na kufukuzana mashambani, sheria ilisema nasaba ni karatasi tu.

Babu wa kizazi cha nne wa Mama Kandida aliitwa Longinus Mbano. Alitoka Lipumbaro, Ungoni, akaja kukata mkonge katika shamba la Mwelazi kama manamba, kibarua wa mkataba. Hayo tu ndiyo yaliyojulikana. Alikuwa mtu wa kawaida, hakuwa mtemi wala hakufungwa kwa kupinga chochote.

"Usikasirike bure," alisema Kihiyo. "Soma chini. Ameleta nyoosho."

Gaudensia alisoma. *Pendekezo la kunyoosha: Kumbukumbu ya kifo ya tarehe 14 Juni 1951 ni kosa la mwandishi wa hospitali. Ikifutwa, uhakika ni asilimia 94. Makazi: Lipumbaro, shamba namba 112. Mwakilishi aweke kidole.*

Lipumbaro kulikuwa na baridi, na maji, na hewa isiyo na vumbi. Alinyanyua kidole gumba. Halafu akakishusha.

Hakufanya hivyo kwa sababu ya wema. Alikuwa amechoka kurudishwa.

"Nikiweka kidole leo, wiki ijayo utaniambia kimekaa upande," alisema. "Nataka kuiona hiyo karatasi ya kifo. Niione kwa macho yangu kwamba ni kosa, nikuandikie na maelezo, tumalizane. Sirudi hapa mara ya sita, Bwana Kihiyo. Haki ya Mungu sirudi."

"Hakuna anayeomba kuona nyuzi zenyewe, zile karatasi."

"Sheria inaruhusu?"

Kihiyo alilitazama chungwa lake, akaitazama saa, akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa abebe gunia. "Inaruhusu," alisema. "Lakini saa kumi kamili nafunga."

*

Chumba cha nyuzi kilikuwa na meza moja na kioo kikubwa cha kusomea. Kihiyo aliitoa picha ya daftari la hospitali ya shamba la Mwelazi, akabaki amesimama mlangoni anakula.

Maandishi yalikuwa ya mkono mzuri, wa mtu asiye na haraka. *Longinus Mbano. Mngoni. Kipande 4417. Kichomi, siku ya sita. Amefariki saa kumi na moja alfajiri. Amezikwa na mwenzake wa kambi namba 3. Kaburi la 23.*

"Hili si kosa," alisema Gaudensia polepole. "Mtu hakosei mpaka namba ya kaburi."

"Karani anaweza kuchanganya majina."

"Lete daftari la vipande."

Manamba alipewa kipande, kadi yenye visanduku thelathini, na kila siku aliyomaliza kazi kisanduku kimoja kilitiwa alama. Kadi ikijaa, aliweka dole gumba chini, akapewa nyingine yenye namba ileile. Kadi ya Juni 1951 ilikuwa na alama hadi tarehe nane. Baadaye visanduku vinane vilikuwa vitupu. Tarehe kumi na saba alama zilianza tena, kazi nzima, kama vile mtu ametoka kupumzika.

Gaudensia alikuwa amefungua pampu nyingi maishani mwake. Vipimo viwili vikipingana, fundi hakifuti kimoja. Anafungua mashine atazame ndani. Aliivuta kadi ya Mei, akaiweka kando ya ile ya Julai, akazikuza alama za dole gumba mpaka zikajaa kioo.

Dole la Mei lilikuwa na mistari inayozunguka kama konokono. La Julai lilikuwa na mistari inayopanda na kushuka kama kilima, na kovu lililokatiza katikati.

"Bwana Kihiyo. Njoo uone."

Alikuja na chungwa lake. Alitazama. Aliacha kutafuna.

"Mfumaji hakuliona hili?" aliuliza Gaudensia.

"Hasomi vidole. Ni mwili. Amekatazwa." Kihiyo alifuta mikono kwenye suruali. "Dada, nikupe ushauri? Hili mimi sijaliona, na wewe hujaliona. Longinus alikufa, mwenzake akachukua kipande chake akaendelea. Wangapi walifanya hivyo? Labda alikuwa mtoro wa shamba lingine, hawezi kuandikishwa kwa jina lake. Msimamizi alitaka mikono ya kukata mkonge, hakutaka hadithi. Mtu mwenyewe ameshakufa, na huyo mwingine ameshakufa. Nani ameumia?"

Swali hilo ndilo lililomtia Gaudensia hasira, kwa sababu alitamani sana jibu liwe hakuna. Basi alimwambia atoe nyuzi zote zilizobaki zenye namba 4417, akitarajia kutokuta kitu.

Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa barua ya paroko wa Lipumbaro kwa meneja wa Mwelazi, Februari 1954. *Mwanamke aitwaye Theresia Gama, mwenye mtoto mmoja wa kike, amesikia kwa wasafiri kwamba mumewe Longinus alifariki. Anataka kuolewa tena. Tafadhali thibitisha.* Ya pili ilikuwa jibu la ofisi ya shamba, mistari miwili kwa taipureta. *Kipande 4417 kinaendelea. Mtu huyo yu hai, na ni mfanyakazi mzuri.*

Ya tatu ilikuwa ukurasa wa daftari la parokia. Mbele ya jina la Theresia, kwa miaka tofauti na kalamu tofauti, paliandikwa: *Ombi la ndoa limekataliwa, mume yu hai.* Kisha: *Anaishi na mwanamume bila ndoa, amezuiwa komunyo.* Kisha, mwaka 1983: *Amefariki. Mke wa Longinus Mbano aliyeko Tanga. Hakufanyiwa misa.*

Gaudensia aliusoma ukurasa ule tena, akamgeukia Kihiyo.

"Shamba namba 112," aliuliza. "Ni tupu?"

Karani aliinama mezani. Alibonyeza kioo. "Anakaa mama mmoja, Osmunda Gama. Na wanawe. Anatokana na yule mtoto wa kike wa Theresia."

"Na nikiweka kidole?"

"Sheria inafuata nyumba ya mwisho ya babu. Ikiwa Longinus hakufa, nyumba yake ya mwisho ni ninyi. Wao wanahesabiwa waliotelekezwa." Akaongeza, bila kumtazama, "Watapelekwa Kiteto."

Saa ya ukutani ikaonyesha saa kumi. Kihiyo alimwambia pendekezo lingekaa wazi mpaka kesho jioni. Lisipopingwa kwa maandishi, Mfumaji atahesabu limekubaliwa.

"Hata bila kidole changu?"

"Kidole kinaharakisha tu."

"Sasa mbona miezi kumi na moja mnanidai vidole, jamani?"

*

Mama Kandida alikuwa ameketi mlangoni pa hema, kitambaa chenye maji kikiwa mdomoni. Hema la kushoto lilikuwa limekunjwa asubuhi hiyo; familia ya Mzee Shekilindi ilikuwa imepanda basi kwenda Mlalo. Upande wa kulia walikuwa wameondoka tangu mwezi uliopita. Kambi ilikuwa inapungua kama mdomo unaong'oka meno.

Gaudensia alimweleza mama yake kila kitu: kadi, madole mawili, barua, Theresia, Osmunda. Mama alisikiliza bila kugeuza shingo.

"Mama, nimekuuliza kabla, nakuuliza tena. Unajua nini habari za babu Longinus?"

"Alikuwa mtu wa kawaida. Alikata mkonge, akaoa, akazaa, akafa. Mtu wa kawaida anachunguzwa kitu gani?"

"Hukusikia lolote kwa babu Fidelis?"

"Babu Fidelis alikuwa msema machache."

"Mama, nisaidie, basi!"

"Nikusaidie nini? Weka kidole." Sauti ya Mama Kandida ilikwaruza, akakohoa, akasubiri kifua kitulie. "Hao watu hatuwajui. Mimi nina miaka sabini na sita, nimezikwa nusu kwenye mchanga wa kambi hii. Unataka kunimalizia Kiteto? Kwa ajili ya mwanamke aliyekufa kabla sijazaliwa?"

"Osmunda hajafa."

"Basi mpigie simu umwambie mama yako hapumui."

Alisema kwa kukomoa, lakini Gaudensia alikuwa amefika mahali ambapo hata la kukomolewa alilifanya. Alitoka akaenda nyuma ya matangi ya maji, akatafuta namba ya shamba 112 kwenye orodha ya Idara, akapiga.

Kioo cha simu kilimwonyesha mwanamke mnene wa makamo, kitambaa kichwani, nyuma yake maharage yametandazwa juani.

"Shikamoo, dada. Naitwa Gaudensia, niko kambini Handeni—"

"Marahaba. Ninyi ndio watu wa pwani mnaolitaka shamba langu?"

"Ndiyo. Yaani, hapana. Ngoja nikueleze."

"Nieleze basi, tena upesi, mvua inakuja na maharage yako nje."

Gaudensia alieleza, akijikwaa, akirudi nyuma kusahihisha tarehe. Osmunda alianza kwa kumkatiza kila sentensi. "Longinus? Sisi kwetu jina hilo ni tusi, dada. Mwanamume akitoroka nyumbani tunasema amekwenda kwa Longinus. Bibi yangu alikua akiitwa mtoto wa aliyeachwa. Usiniletee habari za Longinus." Lakini Gaudensia alipofika kwenye kichomi, siku ya sita, alfajiri, yule mama aliacha kumkatiza. Upepo ulipeperusha kitu nyuma yake na hakugeuka.

"Sema tena tarehe."

"Kumi na nne Juni, elfu moja mia tisa hamsini na moja."

"Alikuwa ameondoka hapa mwaka mmoja na nusu tu." Osmunda alijifuta uso kwa kiganja chote. "Kwa hiyo alikuwa kaburini. Wakati wote ule wanamlaani, alikuwa kaburini. Na bibi Theresia aliposema mume wangu amekufa, nimeota, nimesikia, wakamwambia mwongo wewe, unatafuta mabwana."

"Ndiyo."

"Kaburi liko wapi?"

"Namba 23. Lakini lile shamba sasa ni vioo vya umeme wa jua, sijui kama—"

"Na huyo babu yenu. Mwizi wa majina. Alikuwa nani?"

"Sijui."

"Hujui! Mmeishi kwa jina la mtu miaka mia na thelathini na saba, na la kwenu hamlijui?"

Matone ya kwanza ya mvua yalionekana yakianguka juu ya maharage kule Ungoni, na Osmunda bado hakuinuka.

"Umenipigia ili iwe nini?" aliuliza. "Nikuombe usiweke kidole? Nikupigie magoti? Sikuombi. Hilo la kwako, dada, usinitwishe. Kwaheri."

Kioo kikazimika. Gaudensia alipiga teke tangi la maji, likamuumiza mguu, akaketi palepale chini akawa anasugua kidole cha mguu huku akitukana idara, na mkonge, na meneja wa mwaka 1954 na taipureta yake.

*

Kesho yake saa nane mchana alikuwa dirisha la sita. Alikuwa ameamua akiwa anakunywa chai, bila furaha yoyote, kwa namna mtu anavyoamua kung'oa jino. Yule meneja hakujua anamuumiza nani. Aliandika alichoona kwenye kadi. Yeye Gaudensia alikuwa ameziona kadi zote mbili. Asingeweza kuandika mstari uleule kwa mara ya pili na kusema hakujua.

"Nataka kupinga nyoosho," alisema.

Kihiyo alimtazama kama anatazama mgonjwa. Kisha akamfungulia fomu ya Tamko la Kupinga, kurasa tisa. Aliijaza kwa saa nzima. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kisanduku kimoja, na Mfumaji akaanza kusema kwa ile sauti yake ya adabu, isiyochoka.

"Ndugu mwakilishi, umetamka kwamba mtu aliyetumia kipande 4417 baada ya Juni 1951 siye Longinus Mbano. Taja jina lake halisi."

Gaudensia aliandika: *Sijui.*

"Pengo halikubaliki. Taja jina lake halisi."

Aliandika: *Hajulikani.*

"Ahsante. Jina Hajulikani limepatikana mara tatu katika madaftari ya kodi ya Lushoto. Je, babu yako ni Hajulikani wa Mponde, wa Soni, au wa Mlola?"

"Mungu wangu!" Gaudensia alipiga meza kwa viganja vyote viwili. "Bwana Kihiyo, mwambie huyu mtu wenu!"

"Haambiliki. Lazima jina."

"Nitoe wapi? Aliyelijua ameshaoza!"

"Basi tamko halijakamilika. Halijakamilika, halijapokelewa. Halijapokelewa..." Kihiyo alionyesha saa ya ukutani. Zilibaki dakika thelathini na tano nyoosho lijikubali lenyewe.

Gaudensia aliandika jina la kubuni. Mfumaji akalipata kwa watu mia nne na kumwomba achague. Aliandika nukta, ikakataliwa. Akaandika neno ambalo hakuwahi kuliandika mbele ya watu, na Mfumaji akamshukuru na kumwambia jina hilo halijapatikana wilaya yoyote. Ndipo aliposikia minong'ono nyuma, akageuka.

Vijana wawili wa zahanati walikuwa wanausukuma mkokoteni wa madumu ya maji kuingia ukumbini, na juu yake, akiwa amevaa gauni lake la kanisani, alikuwa ameketi Mama Kandida. Foleni iliachia njia.

Gaudensia alielewa, au alidhani ameelewa. Mama ndiye aliyekuwa mwombaji. Kidole chake kilikuwa na nguvu kuliko cha mwakilishi. Alikuja kuweka.

"Mama, tafadhali. Usifanye hivyo."

"Nishusheni," Mama Kandida aliwaambia vijana. Alifika dirishani kwa hatua ndogo, akajishika ukingo, akavuta pumzi mara tatu, nne. Mfumaji akarudia kwa adabu yake:

"Taja jina lake halisi."

"Ntiruhungwa," alisema Mama Kandida.

Ganda la chungwa lilikatika mkononi mwa Kihiyo.

"Umesema nini, mama?" aliuliza Gaudensia.

"Ntiruhungwa. Mtu wa Buha. Babu Fidelis aliniambia. Baba yake alipokuwa anakufa waliita padre ampake mafuta, padre akasema Longinus, Longinus. Mzee akakataa. Akasema huyo mnayemwita ameshazikwa, nilimzika mwenyewe, mimi ni Ntiruhungwa. Halafu akamwapiza babu Fidelis asimwambie mtu, ni jela. Babu akaniapiza mimi."

Foleni za jua kali zilimpita Gaudensia mbele ya macho, na picha za vyeti, na ile safari ya Muheza kutafuta muhuri.

"Mama. Miezi kumi na moja. Nimekuuliza mara mia!"

"Umeniuliza habari za Longinus," alisema Mama Kandida. "Longinus mimi simjui."

Mtu mmoja kwenye foleni aliangua kicheko, akakimeza. Mama hakuwa anatania.

"Nilidhani ni aibu yetu peke yetu," alisema, sasa kwa binti yake tu. "Mtu kuchukua kadi ya maiti, nikasema hewaa, maiti haihitaji kadi. Kila Juni mzee alikuwa anakwenda Mwelazi kupalilia kaburi, watoto wanadhani ni la kaka yake. Nikasema alilipa. Kumbe kulikuwa na mwanamke huko anadaiwa mume. Tangu jana huyo Theresia hajanitoka kichwani, Gaude. Nimemkasirikia, na hata sijui nimkasirikie kwa lipi."

Mfumaji alikuwa anatafuta. Alipomaliza, kwenye kioo zilitokea nyuzi mbili tu. Orodha ya walioandikishwa kazi, Kasulu, 1949: *Ntiruhungwa, miaka ishirini hivi, mrefu, kovu dole gumba la kulia.* Na orodha ya shamba jingine la mkonge, 1950: *Ntiruhungwa, mtoro.* Hapo palikuwa mwisho. Hapakuwa na kijiji, wala jina la baba.

"Tamko limepokelewa," alisema Mfumaji. "Longinus Mbano amefariki 14 Juni 1951. Uhakika wa nasaba ya mwombaji ni asilimia 38."

Kihiyo aliuchukua muhuri wa Bila Chanzo, akaushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kuna rufaa," alisema kwa sauti ya chini. "Mnaweza kuomba watafute Kasulu kwa mkono. Mwaka mmoja, miwili. Mtangojea hapahapa kambini."

"Tungojee tena?" alisema Mama Kandida. "Gonga, mwanangu. Gonga twende."

*

Kiteto haikuwa na huruma. Vumbi liliingia kwenye unga, kwenye matandiko, kwenye kifua cha Mama Kandida, akashinda ndani na mashuka mabichi yakiwa yametundikwa mlangoni. Gaudensia alipewa visima vitatu virefu na pampu za kizamani zilizofungwa na watu ambao, kwa maoni yake, hawakuwahi kuiona pampu. Alizifungua moja baada ya nyingine. Aligombana na mama yake karibu kila siku, mara nyingi juu ya kitu kilekile: kama angesema mapema, wangekuwa na mwaka mmoja wa rufaa tayari. Mama alijibu kwamba na yeye angeuliza vizuri, angejibiwa vizuri. Siku mbili kifua kilimbana vibaya sana, na Gaudensia akiwa amemshika mgongo alijiuliza kama alikuwa amemuua mama yake kwa ajili ya karatasi. Kifua kikaachia, wakaendelea.

Wiki ya saba ulikuja ujumbe kutoka Lipumbaro. Haukuwa na salamu. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari la parokia, mstari wa Theresia Gama, na chini ya maneno ya zamani palikuwa na wino mpya: *Imesahihishwa. Mjane tangu 14 Juni 1951.* Chini ya picha Osmunda alikuwa ameandika sentensi moja: misa ilisomwa Jumapili, ya kuwaombea Theresia na Longinus, na kanisa lilijaa.

Gaudensia alimsomea mama yake. Mama Kandida aliomba asomewe tena, kisha akasema anataka kwenda ofisini.

Ofisi ya makazi ilikuwa kontena lenye dirisha. Karani alikuwa msichana mwenye haraka, mbele yake orodha ya wakazi wapya ambao hawakuwa wamejaza jina la ukoo.

"Kandida Mbano," alisoma. "Ukoo uwe Mbano?"

"Hapana. Ntiruhungwa."

Msichana aliandika, akageuza kioo ili mama ahakikishe. Mama Kandida alisogeza uso karibu, akafuata herufi kwa kidole.

"Umeruka h."

Msichana alifuta, akaandika upya, akageuza kioo.

"Sasa umeweka h, umeondoa n."

"Bibi, si inatamkwa vilevile tu?"

"Haitamkwi vilevile." Alikuwa anahema, na nyuma yake watu kumi walikuwa wanasubiri juani, na Gaudensia, kwa mara ya kwanza tangu Tongoni, hakuwa na haraka ya kuondoka dirishani. Mama Kandida alijishika ukingo kwa mikono miwili. "Andika tena."